Thelathini na Sita

Nilikinunua Kongowea, chini ya rundo la redio na pasi,
kisanduku cha midundo, vitufe kumi na sita vya mpira,
viwili vimetafunwa na panya.
Muuzaji akaapa ni kizima. Kilikuwa kizima
kama shahidi aliyekatwa ulimi:
taa zinawaka, hesabu inakwenda,
sauti, hata kikohozi.

Kikakaa mvunguni miezi minane
mpaka Shekue, fundi wa simu pale Mwembe Tayari,
akakigeuza nyuma, akanionyesha tundu la matundu matano.
Waya wa hapa, akasema, haubebi sauti.
Wabeba habari tu:
nani kapigwa, na kapigwa kwa nguvu gani. Basi.
Kulia ni kazi ya mwengine, aliye kando,
mwenye koo.

Koo nilikuwa nalo. Ndani ya kompyuta,
faili mia moja arubaini na mbili,
ngoma za Ami Twalibu: vumi, chapuo, msondo,
nilizozirekodi ukumbini kwake Kibokoni
madirisha yamezibwa kwa magodoro,
pangaboi limezimwa, jasho latutiririka hadi kwenye nyaya.
Pigo moja. Nyamaza. Pigo jingine.
"Taratibu, Ami. Sasa zaidi kidogo.
Sasa kama una hasira."
"Hasira na nani?"
"Na yeyote."
Akapiga, akacheka, na kicheko kimo mle hadi leo
mkiani mwa pigo la mwisho.
Ni wazimu, alisema, kuikata ngoma vipande
kama nyama ya kuuzwa kwa kilo.

Hiyo ni kabla ya mwezi wa Mlisho,
kabla mkono wake wa kushoto haujalala
ukakataa kuamshwa.

Leo nimetia tokeni za mia mbili, nimeunganisha.
Kitufe cha kwanza nimekipa vumi, nambari thelathini na sita.
Chapuo thelathini na nane.
Nani ashike mwendo? Kisanduku nikakifanya imamu,
kompyuta maamuma. Na maamuma, twajua,
hamtangulii imamu wake;
huyu wangu tatizo lake jingine:
mwenzake ameshainuka, yeye ndiyo kwanza arukuu.

Ami akaketi. Kidole kimoja cha kulia.
Akabofya kama anayejaribu joto la pasi.
Du.
Akageuka kutazama mlangoni.
Akabofya tena.
"Huyu wa ndani mvivu," akasema. "Yuachelewa."
Milisekunde kumi na moja! Sikio langu halikuona kitu.
Nikapunguza akiba ya kompyuta, nusu, kisha nusu ya nusu,
hadi sauti ikachachatika kama bajia kwenye karai,
nikarudisha kidogo.
"Hapo."

Husema mwamba ngoma huvutia kwake.
Hapa hakuna ngozi, hakuna kamba,
hakuna moto wa makuti wa kuikaza.
Sijui nani anavuta, wala upande upi.

Kisha akaniomba kitu ambacho sikukitarajia.
Kwa kidole kile kile cha kulia
akaingiza, hatua kwa hatua, zamu ya mkono wa kushoto,
akikosea, akifuta, akitukana chini chini,
kama anayemfundisha mtoto mkaidi jina la babake.
Kisanduku kikaishika. Kikairudia. Hakikuchoka.
Naye akaingia juu yake na mkono alionao.

Nilikwenda kusimama karibu na friji
nikajifanya natafuta maji.

Mwishowe akabofya kwa nguvu zote, mia ishirini na saba,
kipimo hakiendi zaidi ya hapo,
na kicheko chake cha mwaka jana kikatoka nyuma ya vumi.
"Nalikuwa nikicheka nini?"
Sikumjibu upesi. Mita ya stima ilikuwa imeanza kulia,
pi, pi, pi,
naye ameshaisikia, ameshainua kidole,
aingojea ipite
apate kuingia katikati.